Fundi wa Baridi wa Zombe

Mwezi uliopita jiwe liliruka kutoka kwa lori lililokuwa mbele yangu likatoboa kondensa ya gari langu, ile sahani yenye mapezi membamba inayokaa mbele ya radieta na kupoza gesi ya AC. Nikalipeleka gari kwa vijana mafundi wa jua kali pale mjini Wote. Mmoja wao akafungua boneti, akachukua bisibisi, akafinya kipini cha valvu ili amwage gesi iliyobaki. Ikalia fyuuu. Harufu ikanifikia pale nilipokuwa nimesimama na mkoba wangu, harufu ya mafuta mepesi, tamu kidogo, iliyochanganyika na chuma. Nikakaa juu ya tairi kuukuu na gauni langu la kanisani, na yule kijana akanicheka kwa adabu.

"Madam, hiyo ni gesi kidogo tu. Haina shida."

Ningemwambia nini? Kwamba nilifinya kipini kama hicho kabla yeye hajazaliwa, na mpaka leo sijakiachilia? Angeniona mwendawazimu, na kazi yenyewe ilikuwa bado.

Baba yangu alikuwa fundi wa baridi mahali ambapo hapakuwa na gari hata moja lenye baridi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika gereji moja Mombasa, akitengeneza viyoyozi vya magari ya matajiri. Gereji ilipofungwa alirudi nyumbani Zombe na sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na geji mbili za kupimia gesi, mipira mitatu mirefu, ringi ndogo za mpira ndani ya kopo la maziwa, na makopo mawili ya gesi aliyoyafunga kwa gazeti kana kwamba ni mayai. Zombe ya siku hizo ilikuwa na mbuzi, vumbi, maduka machache na basi moja lililoondoka alfajiri kwenda Kitui. Watu walimwita Fundi wa Baridi, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mtu akinunua soda yenye joto dukani, alimpitia baba akamwekea mezani. "Fundi, hebu nipozee hii." Baba alicheka pamoja nao, kisha akarudi kuziba panchari za baiskeli.

Nilikuwa na miaka saba au minane. Baba aliniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ndugu yangu mchanga, Kilonzo, alikuwa na jina la babu, baba yake baba, basi huyo aliitwa Nau, baba yangu. Hivyo ndivyo Wakamba tunavyofanya na hakuna anayeshangaa. Lakini mimi niliyachukua maneno kama yalivyo. Niliamini kabisa kwamba yule mtoto wa miezi minane asiye na meno ni babu aliyerudi kupumzika, na kwamba baba hawezi kukubali baba yake apatwe na jambo lolote. Nilipomwona Kilonzo akilia nilijiambia, huyu ni mtu mzima, ana mwanawe wa kumtunza, mimi nina wasiwasi wa nini?

Kisha akaja Injinia. Alikuwa mtu wa mbali, mnene, mpole, aliyeletwa kujenga mabwawa wakati ule wa ukame. Gari lake la serikali lilikuwa na AC, na kisiki kilikuwa kimeichoma kondensa huko porini. Alikuwa ameshaleta kondensa mpya kutoka Nairobi, akatembea nayo wiki nzima ndani ya boksi kwa kuwa Kitui hakupata wa kuifunga. Mtu akamwambia, pengine kwa mzaha, kwamba Zombe kuna fundi wa baridi. Asubuhi moja akaliegesha gari mbele ya kibanda chetu, madirisha yote yakiwa wazi na shati lake limemganda mgongoni.

"Wewe ndiye Fundi? Unaweza hii kitu?"

Baba aliinama akachungulia kwenye grili, ule wavu wa mbele, akarudi nyuma, akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. "Hiyo ndiyo kazi yangu, bwana," akasema. Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia vile.

Injinia akapanda trekta kwenda bwawani, akasema atarudi saa nane aondoke kwenda Kitui. Baba akaanza. Alitoa grili, akamwaga maji ya radieta kwenye sufuria bila kupoteza hata tone, maana maji yalikuwa shida, akaitoa radieta yenyewe ndipo aifikie kondensa iliyotoboka. Akaniita nishike kopo la ringi. Kila ringi aliichovya kwenye mafuta, akaizungusha katikati ya vidole huku amefumba macho, akaivalisha kwenye mdomo wa paipu. "Ikikaa kavu itakatika, Mwaitu," akaniambia. "Hii ndiyo inashikilia baridi isitoroke."

Ilipata saa nne mama alipofika akiwa nusu anakimbia, Kilonzo mgongoni. Mtoto alikuwa na homa tangu juzi. Mama alikuwa ametoka zahanati, na mhudumu amemwambia asikae, ampeleke hospitali kubwa Kitui leo hii. Basi lilikuwa limeondoka zamani. Gari pekee Zombe nzima lilikuwa mbele yetu, na uso wake wote umefunguliwa.

"Baba Kilonzo, rudisha hivyo vitu twende," mama akasema.

"Gari si yangu. Mwenyewe anakuja saa nane. Nikimaliza tunaenda na yeye."

"Saa nane? Angalia mtoto!"

Baba akaangalia. Aliweka kiganja chake chenye grisi kwenye shavu la Kilonzo, akakitoa haraka. Naona sasa kwamba aliogopa. Wakati ule niliona tu amechafua shavu la mtoto. "Wacha nikimbize kazi," akasema. "Hii ikiisha, joto ya Nau nayo itaisha. Ataenda kwa baridi kama mtoto wa bwana mkubwa."

Alisema vile kumtuliza mama. Mimi nikayachukua maneno hayo nikayatia moyoni kama agizo la daktari. Kumbe hii ndiyo dawa yenyewe! Kumbe baba hatengenezi gari, anamtengenezea Kilonzo baridi ya kuondoa homa. Nikaona sasa kila kitu kimekaa sawa, na nikamkasirikia mama kidogo kwa kumpigia kelele daktari akiwa kazini.

Kabla ya kutia gesi lazima hewa yote ivutwe itoke ndani ya mipaipu. Mombasa walikuwa na mashine ya umeme ya kufanya hivyo. Zombe hapakuwa na umeme, kwa hiyo baba alikuwa amefunga kompresa kuukuu ya gari kando ya mashine ya kusaga unga iliyopakana na kibanda chetu, akaiunganisha kwa mkanda na injini yake ya dizeli. Miaka mitatu kompresa hiyo ilikaa pale kuku wakilala juu yake. Siku hiyo mama wa mashine ya kusaga alisimamisha kazi, na wanawake waliokuja na mahindi ya njano ya msaada wakakaa chini kungojea gari livutwe hewa. Hakuna aliyecheka. Mkanda ukazunguka, mshale wa geji ukashuka. Baba akafunga valvu, akasimama akiutazama mshale. "Ikipanda, kuna tundu. Isipopanda, tumepona." Ulikaa palepale. Alisubiri nusu saa nzima, na mama akiwa chini ya kivuli cha mabati anampepea mtoto kwa kifuniko cha sufuria.

Halafu akarudisha radieta na maji yake, akatia gesi, injini ya gari ikinguruma. Hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kukisahau. Kopo lilianza kutoka jasho mkononi mwake, kisha likaota weupe. Katika jua lile lililokausha hata mate mdomoni, kopo lilikuwa limevaa barafu. Baba aliliinua juu wanawake walione. Kisha akanipandisha kwenye kiti cha mbele na kuuweka mkono wangu kwenye tundu la hewa, na baridi ikatoka, ikanipanda mpaka kwapani. Baba alikuwa analia. Alikuwa anacheka na analia, na alinifinya bega mpaka likaniuma.

Injinia akafika na trekta lake, akaweka uso wake mbele ya hewa ile, akafumba macho. "Fundi, wewe ni mtu!" Alipoelezwa habari za mtoto, hata hakungoja sentensi iishe. "Tunaenda naye, tunaenda naye. Wacha ninawe na nikule kitu, dakika kumi." Akazima injini, akaenda hotelini. Baba akavua mipira na geji, akakimbia nyumbani kubadili shati, maana hospitalini huwezi kwenda na grisi. Mashine ya kusaga ikawashwa tena, na kelele yake ikafunika kila kitu.

Nilibaki na mama. Kilonzo alikuwa mapajani mwake akipumua mbiombio, macho nusu wazi, weupe mtupu ukionekana. Mama alikuwa anaomba, midomo ikicheza bila sauti. Mtungini mlikuwa na maji ya kikombe kimoja, tena ya moto kama yamekaa motoni. Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa ya gari, hakuna kitu. Baridi ilikuwa imelala pamoja na injini. Lakini mimi nilijua ilikojificha. Nilikuwa nimeona mpira ulikofungwa, kwenye mdomo mdogo wenye kipini ndani, sawasawa na valvu ya baiskeli. Na mtoto wa fundi wa baiskeli anajua kumwaga upepo.

Nikachukua msumari na leso moja ya mama, ile ya kumfunikia mtoto. Nikapanda juu ya bampa, nikaikunja leso juu ya ule mdomo, nikafinya. Ikatoka kwa nguvu, moshi mweupe, baridi kali mpaka ikaniunguza ncha ya kidole. Sikuachilia. Leso ilikuwa inalowa na kupoa, inalowa na kupoa. Nilifinya mpaka ule mlio ukawa mdogo, ukawa mdogo, ukanyamaza. Nikashuka mbio nikaiweka leso kwenye paji la uso la Kilonzo.

Akafumbua macho. Nasema kweli, alifumbua macho akanitazama. Mama akasema, "Asante, mwanangu," bila kuacha kuomba. Nilidhani nimemponya ndugu yangu. Sijawahi tena maishani kuwa na furaha kama ile, na ndiyo maana furaha zangu zote nyingine naziogopa.

Injinia akarudi, baba akarudi na shati jeupe. Mama akaketi nyuma na mtoto. Injinia akawasha gari, akafungua baridi, na ikaja hewa ya tanuri. Akageuza swichi huku na huku. "Fundi, imepotea tena."

Sijui kama nitaweza kuueleza uso wa baba. Wanawake wa mashine ya kusaga walikuwa wanatazama. Mwenye duka alikuwa anatazama. Kabla Injinia hajaongeza neno, baba alikuwa ameruka mbele na spana, grili inatoka, na maji ya radieta yanamwagika, safari hii mchangani.

"Fundi, wacha," Injinia akasema kutoka dirishani. "Twende tu, nitafungua madirisha."

"Dakika moja, bwana. Ni ringi moja tu haijakaa. Dakika moja."

"Baba Kilonzo!" Mama alikuwa ameshuka. "Twende na joto! Nani amekuambia tunataka baridi?"

"Nishaitoa radieta! Gari haiwezi kwenda bila radieta! Ngoja niione tu hiyo tundu."

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, kidole changu kilichoungua nimekificha kwenye ngumi, nikiwa nimeelewa. Si yote, lakini ya kutosha. Nilielewa kwamba tundu analotafuta baba ni mimi. Neno moja tu lingetosha: ni mimi nimeitoa. Baba angenichapa, angerudisha radieta, tungeondoka. Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo, vumbi likaingia, nikaufunga. Nilikuwa naogopa kuchapwa. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine miaka yote hii na sijaipata.

Alitia upepo kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kila kiungo, akangoja lichemke penye tundu. Halikuchemka. Akavifungua viungo vyote, akabadilisha ringi zote. Mkanda ukarudishwa kwenye injini ya kusaga, mshale ukashuka tena, ukakaa palepale tena. Injinia, mtu mpole kupita kiasi, alikaa kwenye kigogo akajipepea kofia. Mama hakukaa. Alimfunga Kilonzo mgongoni, akashika njia ya Kitui kwa miguu.

"Tangulia, tutakupata hapo mbele tu," baba akamwambia bila kuinua kichwa.

Jua lilikuwa limeinama tulipoondoka. Radieta ilikuwa imerudishwa na kujazwa maji ya kuombaomba, na kopo la pili la gesi, la mwisho, lilikuwa limeingia. Baridi ilikuwa safi. Baba aliketi mbele na shati lake jeupe lililogeuka jeusi, akikodoa macho barabarani, na mimi nyuma peke yangu. Tulipita kilima kimoja, tukapita cha pili, na kila tulipomkuta mwanamke njiani baba aliinuka kitini. Mama alikuwa amefika mbali kuliko nilivyodhani miguu ya mtu inaweza. Tulimkuta ameketi kando ya barabara, miguu ameinyoosha, mtoto kifuani, leso imemfunika mpaka kichwani. Ilikuwa leso ileile. Baba akamfungulia mlango. Mama akapanda taratibu, akakaa kando yangu, na ile hewa ikampiga usoni.

"Zimeni hiyo," akasema. "Mtoto anasikia baridi."

Injinia akazima. Baba akageuka, akainua ncha ya leso, akairudisha. Gari likageuzwa likarudi Zombe, madirisha yamefungwa, na hakuna aliyethubutu kuyafungua.

Baba hakushika tena kazi ya baridi. Zile geji alizitupa chooni. Alibaki na baiskeli zake, na hakuna aliyemletea soda ya kupoza tena. Watu wa kwetu wana mzaha, lakini wana mwisho wa mzaha. Mama aliishi naye, akampikia, akamzalia mabinti wengine wawili. Ila wakikosana hata kwa sababu ya chumvi alimaliza kwa neno moja: "Wewe ulipenda kazi kuliko mtoto." Na baba alirudi kwenye baiskeli zake. Alijua ni kweli, tena alijua jambo baya zaidi, kwamba hata hiyo kazi aliyoipenda hakuiweza. Mara ngapi nilimwona akizungusha kidole gumba juu ya cha shahada, macho amefumba, akiitafuta ile ringi ambayo haikukaa.

Nilimwambia akiwa mzee tayari, mimi nikiwa mwalimu mwenye watoto. Tulikuwa barazani tukiambua mbaazi mbichi, sinia katikati yetu. Nilimweleza yote, msumari, leso, kidole, nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa imesimama.

"Kwa hivyo haikuvuja," akasema.

"Haikuvuja, baba."

"Ringi zangu zilishika?"

"Zilishika. Zote."

Uso wake ulifunguka. Kwa muda mfupi nilimwona yule mtu aliyeinua kopo la barafu juu wanawake walione. Nikadhani nimefanya vizuri kusema. Kisha nikauona uso ule unajifunga, polepole, sehemu moja baada ya nyingine.

"Sasa mimi nilikuwa natafuta nini?" akauliza. "Geji iliniambia hakuna tundu. Mara mbili iliniambia. Mama yako akaniambia twende. Mwenye gari akaniambia twende. Mimi nilikuwa natafuta nini?"

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, nikamtwika yeye kichwani juu ya ule aliokuwa nao. Nilimwomba msamaha na akautikisa mkono kama anayefukuza nzi, si kwa hasira. Aliokota mbaazi moja, akaiambua, akaitia siniani.

"Mwaitu," akasema, "hiyo maneno usipelekee mama yako. Mimi amezoea kunilaumu. Akianza kukulaumu wewe, atabaki na nani?"

Hakuufikia msimu mwingine wa mbaazi. Siku ya kumzika, wanawake wa kanisa walijaa nyumbani mwetu, na mama akaombwa aombe kabla mwili haujatolewa. Alisimama akishika ukingo wa jeneza. Alimshukuru Mungu kwa miaka waliyokaa pamoja, akamshukuru kwa mabinti. Kisha sauti ikamkatika, akasema, "Na ile siku ya Kilonzo, Bwana, msamehe mzee wangu. Mimi nimejaribu kumsamehe nikashindwa. Msamehe wewe."

Wanawake wote wakaitikia amina. Mama akageuka akanitazama, akanisubiri, nami nikasema amina.